Hogo la Mke Mwenza

Kuna watu huonea wivu nyumba ya bati. Wengine huonea wivu doti mpya ya kanga, wengine mikorosho ya jirani iliyochanua wakati ya kwao imekauka kwa ukungu. Ashura alionea wivu mguu uliovunjika. Msicheke. Nanyi mngekuwa ndani ya mwili wake mngeutamani mguu ule, tena mngeuombea dua.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, mwezi wa tisa. Mvua za Elinino zilikuwa zimekoma zamani, lakini makorongo yake yalikuwa bado yapo kwenye njia ya kutoka Mkotokuyana. Siku hiyo Swalehe alimpakia mke wake mdogo, Amna, kwenye karia ya baiskeli, wakaondoka kwenda Nachingwea mjini kununua magunia ya kutilia korosho. Ashura, mke mkubwa, alibaki na ufagio mkononi, akawasindikiza kwa macho. Miaka minane ya ndoa, hakuwahi kupakiwa hata mpaka kisimani. "Njia mbovu," ndivyo Swalehe alivyokuwa akimjibu kila akiomba. Leo njia imekuwa nzuri! Basi hawakufika mbali. Gurudumu la mbele liliingia korongoni, baiskeli ikapinduka, Amna chini, baiskeli juu, na mfupa wa ugoko ukakatika vipande viwili.

Ashura alipopata habari alilia kama watu wote. Alilia kweli, msije mkasema alifurahi. Wivu haukuja siku ile. Ulikuja siku ya nne, lori lilipomshusha Amna mbele ya nyumba, mguu umefungwa hogo jeupe pee, gumu kama ukuta, kutoka vidoleni mpaka juu ya goti.

Watu walikuja, jamani! Walikuja na unga, na mayai, na karanga, na majogoo waliofungwa miguu. Mzee mmoja alitoka Ruponda kwa miguu, na wala hakuwa ndugu. Kila aliyefika aliinama akaligonga hogo kwa kidole, ko ko ko, akatikisa kichwa. "Pole sana, Mama Salimu. Loo, hii ajali! Hapo panauma, hata asiyesoma anaona panauma." Amna alikaa kitandani kama bibi harusi, mguu juu ya mto, anaitikia pole za watu. Ashura yuko jikoni anawapikia wageni uji, na hakuna aliyemtupia pole hata ya moshi.

Hilo ndilo lililomkaa kooni. Kwa sababu Ashura naye alikuwa mgonjwa, tena alikuwa mgonjwa kabla huyo Amna hajajua kufunga kanga.

Maumivu yake yalimwanzia kwao Ruangwa, alipovunja ungo. Alitiwa unyago kama wasichana wote, akafundwa, na katika aliyofundwa mawili yalimganda. La kwanza, mambo ya mwezi hayatajwi mbele ya mwanamume, awe baba, awe mume, awe nani. La pili, uchungu wake ni wa kila mwanamke, na anayelia anautia aibu ukoo wake. Somo wake alimshika sikio akamwambia, "Uma meno." Ashura akauma.

Lakini uchungu wake haukuwa kama wa wenzake. Wenzake walishika kiuno asubuhi, jioni wako kisimani wanasengenya. Yeye ilikuwa kama mtu anamkamua kiuno kwa ndani, vile nguo inavyokamuliwa, siku tano, siku sita. Miguu ilikufa ganzi. Kwenda haja kulimliza. Mara nyingi alitoka chumbani kwa magoti, mkono mmoja umeshika ukuta. Wanawake wakubwa walisema ni chango, wakamchemshia mizizi michungu, akanywa mpaka ulimi ukawa mweusi. Walipoona haponi wakasema basi ataacha akizaa. Na kuzaa kwenyewe hakuzaa.

Alikwenda zahanati. Zahanati ipi nisiwaambie, maana humo wamo watu wema vilevile. Bwana Eustace aliyekuwa akitibu hapo hakuwa mtu mbaya, mcheshi tu na mwenye haraka. Kosa moja Ashura alilifanya mwenyewe, na wanawake wote wa kule walilifanya: alikwenda siku zake zikishakwisha. Aende akiwa mwezini, avuliwe nguo mbele ya mwanamume? Si afadhali afe! Basi alisubiri mpaka ametakata, ameoga, amevaa kanga safi, ndipo anakwenda, na maumivu nayo yameshajiendea zake. Bwana Eustace anamminya tumbo.

"Panauma hapa?"

"Leo hapaumi sana."

"Sasa umefuata nini?"

Na Ashura, aliyefundwa asitaje, anatazama sakafu. "Tumbo tu, dokta. Huwa linaniuma."

Mara ya kwanza alipewa dawa za minyoo. Mara ya pili, vidonge vya fulajili. Mara ya tatu aliambiwa ni vidonda vya tumbo, aache pilipili, naye pilipili hali. Mara ya nne Bwana Eustace aliikunjua kadi yake akauliza, "Una watoto wangapi?" "Sina." Akacheka kwa huruma. "Basi ugonjwa tumeupata. Ni mawazo. Siku ukishika mimba hilo tumbo halitauma tena." Akaandika kwenye kadi: *mawazo*. Ashura alisoma darasa la saba, neno hilo alilisoma vizuri sana.

Tangu hapo nyumbani ikawa wimbo. "Mawazo yako yameamka?" Swalehe angemuuliza akimkuta amejikunja. Au, "Kila mwezi wewe mgonjwa, ila siku ya harusi ya watu umepona." Mwaka wa tisini na tano akamwoa Amna. Mwaka haukuisha, Amna akazaa Salimu, na kijiji kizima kikamwita Mama Salimu. Ashura alibaki Ashura. Wivu ulianzia hapo, lakini huo ni wivu unaojulikana, kila mke mkubwa anao, unalala nao na unaamka nao kama kuku wa nyumba. Huu wa hogo ulikuwa mwingine.

Sasa kuna jambo la chumvi, lisikieni vizuri. Kwao mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Akitia, wakala watu, watakohoa kikohozi kisichosikia dawa. Hupika kila kitu, ila chumvi hutiwa na mwanamke mwingine. Mama mkwe alipokuwa hai alitia yeye. Amna akaja, mama mkwe akafa mwaka uleule, wake wenza wakawa wanatiliana, huyu kwa huyu, bila kuambizana. Ukiona mwenzio ameteleka mboga akakaa kando, unachukua kopo la chumvi unakwenda.

Amna alipokuwa na hogo, mapishi yote yaliangukia kwa Ashura. Na siku zake zilipofika, ilimbidi abebe sufuria la mboga ya moto mpaka chumbani kwa mke mwenza, kwa magoti, akalitue kando ya kitanda. Amna akachota chumvi kwa vidole vitatu, akatia, akakoroga, akamtazama.

"Dada Ashura, kaa kidogo basi. Uso umekuwa wa majivu."

"Nikikaa, ugali utasongwa na hogo lako?"

Ashura akalinyanyua sufuria akatoka, na ule wema wa Amna ulimuuma kuliko tumbo. Umelala kitandani, unaletewa kuku, halafu unanipa pole yako ya mabaki! Hakuitaka.

Na angeyavumilia yote, kuku, mayai, hata zile pole. Lililomshinda ni kijiti. Hogo lilikuwa likimwasha Amna kwa ndani, na hakuna mkono unaoweza kupita. Swalehe alikwenda akachomoa ujiti wa ufagio wa chelewa, akawa kila jioni anakaa kitandani anauingiza taratibu ndani ya hogo, anamkuna mkewe. "Chini kidogo. Hapohapo! Aa, Baba Salimu, unanitekenya!" Kicheko. Ashura yuko upande wa pili wa ukuta wa udongo, mkeka chini, magoti kifuani, meno yameuma upindo wa kanga. Mwanamume huyuhuyu hakuwahi kumwekea mkono kiunoni akamuuliza ni wapi panapouma. Mungu wangu, aliwaza Ashura, nipe na mimi nivunjike. Chochote, mfupa wowote, ila uonekane.

Dokta wa Nachingwea alikuwa amesema hogo likae miezi mitatu, warudi likatwe hukohuko hospitali. Wiki ya sita korosho zilianza kuanguka kwa wingi, mabibo yanaoza chini, nyuki wamejaa shamba zima. Ashura aliokota peke yake, anainama na kuinuka, na kiuno kile. Jioni moja akamtengea Swalehe maji ya kunawa, akasema kama mtu asiyesema kitu:

"Mfupa wa kijana hauungi kwa miezi mitatu. Kule kwetu Ruangwa yupo Saturnini, alivunjika palepale kwenye ugoko. Walimfunga mwezi mmoja tu. Sasa anacheza namba tisa."

Saturnini yupo, na mpira alicheza. Ila huyo hakuvunjika hata ukucha.

Swalehe alitafuna hilo neno pamoja na ugali. Gari la kwenda mjini lilikuwa la shida, korosho zinaoza, na mwanamume akipewa sababu ya kufanya anachokitaka haulizi mara mbili. Kesho yake akaliloweka hogo kwenye beseni, likalainika, akalipasua kwa kisu cha kubangulia korosho. Mguu ulitoka mwembamba na mweupe. Amna aliukanyaga hatua moja akapiga ukelele.

"Bado! Baba Salimu, wallahi bado panauma, mfupa unacheza!"

Na hapo Ashura, aliyesimama mlangoni, akasema. Alisema kwa sauti ya upole sana, ile aliyoisikia zahanati mara nne.

"Mbona sioni kidonda? Wala uvimbe sioni. Hayo mawazo, Mama Salimu."

Yakamtoka matamu mdomoni kama muwa. Nisiwadanganye, yalikuwa matamu.

Swalehe akamwambia akalitupe hogo shimoni. Ashura alilibeba mpaka nyuma ya nyumba, akatazama huku na huku, kisha akaketi chini akatumbukiza mguu wake ndani ya zile nusu mbili na kuzishika kwa mikono. Alidhani ni zito. Lilikuwa jepesi, linanuka jasho la mtu mwingine, na kwa ndani kulikuwa na mistari ya ule ujiti wa chelewa. Alikaa hivyo mpaka jua lilipomhamisha. Halafu akalitupa.

Mguu wa Amna uliunga, lakini uliunga kombo. Akawa anachechemea. Ikifika kipupwe, upepo wa asubuhi ukivuma, mguu unamuuma mpaka anaushika kwa mikono miwili anaubembeza. Wageni hawakuja tena. Nani aje kutazama mguu usiofungwa kitu? "Umeshapona, tembea sawasawa," Swalehe alimwambia, "watu watadhani nimekupiga." Na Ashura alimtazama akichechemea kwenda kisimani, mwaka baada ya mwaka, wala hakusema kitu. Wivu ulikuwa umeshiba. Lakini tumbo lake lilikuwa palepale, nalo lilizidi.

Ikaja elfu mbili na tatu, mwezi wa sita, wanakata ufuta. Ashura alianguka katikati ya shamba, mundu mkononi. Alipozinduka alimwona Swalehe amesimama juu yake, na hakuinama.

"Kila mavuno," alisema Swalehe. "Kila mavuno lazima uanguke."

Siku hiyohiyo akatuma ujumbe Ruangwa. Kesho yake adhuhuri mjomba wake Ashura, Mzee Abdala, akawasili, na wazee wawili wa upande wa Swalehe wakaitwa, wakakaa barazani. Swalehe akasema amechoka. Mke hazai, amestahimili. Hafanyi kazi, amestahimili. Sasa anaanguka mashambani, watu wanamcheka yeye. "Mchukueni, mjomba. Mkamtibu kwenu. Akipona atarudi." Kila mtu pale alijua maana yake. Mke anayepelekwa kutibiwa kwao harudi, huja barua ya talaka tu.

Ashura alikuwa amekaa chini mkekani, kanga mpaka machoni. Miaka kumi na mitatu katika nyumba ile, na sasa anarudishwa Ruangwa kama debe lililovuja, na jina la uvivu juu. Mzee Abdala akauliza kama mke mwenza ana la kusema. Hapo Ashura alijua amekwisha. Kama ningekuwa mimi Amna, aliwaza, ningesema nini? Alijua hasa angesema nini, kwa sababu alishawahi kulisema.

Amna alichechemea mpaka mbele ya baraza, akapiga goti moja, lile lingine halikunjiki.

"Wazee wangu, mtanisamehe, nitasema lisilosemwa. Mimi ndiye mtia chumvi."

Wazee wakainamisha vichwa palepale. Mmoja akasema, "Astaghafirullahi, binti!" Amna hakunyamaza.

"Miaka minane naitia chumvi mboga ya dada Ashura. Siku zake nazijua kuliko anavyozijua mwenyewe. Na siku anazotembea kwa magoti ni zilezile, hazijawahi kupishana hata mara moja. Mvivu huchagua siku yake, wazee, mvivu huumwa siku ya kazi. Huyu ameumwa siku za Idi. Ameumwa siku ya mazishi ya mama mkwe, jirani akacheka, akawaambia, nanyi mkacheka. Jana alipoanguka, mboga nilitia chumvi mimi. Juzi nilitia mimi. Nyinyi mnampeleka zahanati mwezi ukishapita, ni kama kumtafuta mwizi asubuhi wakati nyumba aliivunja jana. Mpelekeni leo. Leo ni siku ya tatu. Akaonekane anavyoumwa."

Hata Swalehe alitazama kucha zake. Wanaume wazima, wote wameoa, na hakuna aliyejua aweke wapi macho. Mwisho Mzee Abdala akakohoa, akasema kwa sauti ndogo, "Basi atapelekwa mjini. Mambo mengine baadaye."

Walipanda gari alasiri ileile, yeye na Amna. Njia nzima Ashura hakumsemesha. Aibu ilimchoma, na chini ya aibu palikuwa na kitu kingine kinachouma zaidi, nacho alikuwa hajakipa jina.

Nachingwea walipokewa na daktari wa kike, Tabitha, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Ashura alijifunika uso alipopanda kitandani. "Niko kwenye siku zangu, dokta," alinong'ona. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ndiyo siku nzuri ya kuja." Akaweka mkono chini ya kitovu, akaminya polepole, na Ashura akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye foleni. Daktari aliuondoa mkono haraka. "Tangu lini?"

"Tangu nivunje ungo."

"Walikuambia una nini?"

"Mawazo."

Daktari Tabitha alimpeleka kwenye picha ya tumbo, na baada ya siku mbili wakampasua. Wakatoa uvimbe ukubwa wa embe bolibo, umejaa damu nyeusi nzito, ya miaka. Alipozinduka daktari alimwelezea kwa Kiswahili cha kawaida: nyama inayokaa ndani ya kizazi imeota nje ya kizazi, mahali pasipo pake, na kila mwezi nayo inavuja damu, na damu haina pa kutokea. Ndiyo maana tumbo linawaka. Ndiyo maana pengine hakushika mimba. Ugonjwa wenyewe una jina refu, na unaweza kurudi, lazima awe anakuja kuonwa.

"Nimeuona kwa macho yangu, Ashura. Si mawazo."

Ashura alilia hapo, na kwa mshono ule kulia kulimuuma vibaya. Hakulilia uvimbe. "Dokta," alisema, "tafadhali liandike. Liandike kwenye kadi ileile, juu ya lile neno."

Daktari akaandika, akakata lile neno kwa mstari mmoja.

Basi alirudi Mkotokuyana na mshono wa shibri nzima. Na watu walikuja, jamani! Unga, mayai, majogoo. Rabia wa jirani, yule aliyecheka siku ya mazishi, alikuja na kuku wawili kwa mpigo. Ashura alilala kitandani kama bibi harusi, na kila mwanamke aliyeingia alifunuliwa kanga akaonyeshwa bandeji, na asiyeomba kuonyeshwa alionyeshwa vilevile. "Embe bolibo!" alisema. "Dokta kaushika mkononi." Swalehe mwenyewe alimchotea maji ya kuoga, ndoo kichwani, akamtengea nyuma ya nyumba bila kumtazama usoni. Ashura alionja kila kitu, kimoja kimoja, kama mtu aliyefunga miaka ishirini.

Siku ya tano, asubuhi, upepo wa kipupwe unavuma, Amna aliingia na sufuria la supu ya kuku kwa ajili ya mgonjwa na wageni wake. Alilitua, akataka kusimama, mguu ukakataa. Akakaa chini palepale, ameushika ugoko kwa mikono miwili, anaubembeza, midomo imekauka.

Rabia akacheka. "Ah, Amna naye! Miaka yote mguu, mguu. Mbona sioni kidonda?"

Wanawake wakacheka. Na Ashura, jamani, mdomo wake ulishaanza kucheka nao. Kisha akasikia ni maneno ya nani yale.

"Nyamaza, Rabia," alisema.

"Nimesema nini tena?"

"Nyamaza. Mguu huu niliuvunja mimi mara ya pili. Hogo lilikuwa likae miezi mitatu. Mimi ndiye niliyempa Baba Salimu maneno alikate. Nilisema uongo, nikamtaja mtu hata hakuvunjika. Nilikuwa na wivu. Niliona anakunwa na kijiti."

Wanawake walianza kuaga mmoja mmoja, kule kuaga kwa haraka. Walipobaki wawili, Ashura alisubiri atukanwe. Angeshukuru kutukanwa.

"Nilijua," alisema Amna. "Ukuta ni wa udongo, dada. Nilikusikia ukimwambia habari za Saturnini."

"Ulijua! Halafu ukaenda kupiga goti mbele ya wazee kwa ajili yangu?"

Amna aliendelea kuubembeza mguu. Alipojibu alikuwa anaitazama bandeji, siyo uso.

"Usinifanye mtu mwema. Nilisema nikijua nitarudi hapahapa na mguu wangu, na hakuna atakayenisemea. Wewe sasa unao mshono. Umeandikwa kwenye kadi. Watu wanakuja na kuku. Mimi langu lilitupwa shimoni." Akavuta pumzi. "Nakuonea wivu, dada Ashura. Nakuonea wivu mpaka silali."

Wivu ule Ashura aliujua chumba kwa chumba, amekaa ndani yake miaka yote, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine anaweza kuingia.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kutoa nyuzi. Ashura alimwambia Amna avae kanga safi, wanakwenda wote. Amna akasema leo mguu una nafuu, watakwenda siku nyingine. "Leo asubuhi uliubembeza mpaka jua linatoka," alisema Ashura. "Panda gari."

Jina la Ashura lilipoitwa, aliingia na Amna amemshika mkono, akamkalisha yeye kwenye kiti cha mgonjwa. Daktari Tabitha akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Wewe unaumwa nini?"

"Mguu, dokta," alisema Amna, macho sakafuni. "Kidogo tu. Huwa unaniuma."

"Si kidogo," alisema Ashura. "Mimi ndiye shahidi. Miaka mitano namwona. Anaumwa kila asubuhi ya baridi, na akitoka kisimani, na akipiga goti. Hogo lilitolewa wiki ya sita badala ya miezi mitatu, na aliyelitoa alidanganywa na mimi. Yote hayo yaandike, dokta."

Daktari alisogeza kiti, akaupandisha ule mguu mwembamba uliopinda juu ya mapaja yake, akaushika kwa mikono miwili, taratibu, anautafuta mfupa kwa vidole. "Hapa?" aliuliza. "Na hapa?" Amna alikuwa anatokwa na machozi, anaitikia kwa kichwa, na daktari amemwinamia kama vile duniani hakuna mgonjwa mwingine.

Wivu ukamchoma Ashura pale chini ya nyuzi zake. Akauacha umchome, akaendelea kumshikia mwenzake kanga.